Dokumentari ya historia ya uhuru wa dini: utaiona wapi ukiwa Bagamoyo? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila tukimaliza kuonyesha filamu hapa uani kwetu, Mji Mkongwe wa Bagamoyo, watu hawaondoki. Majamvi yanakunjwa, projekta inapoa, na bado wanne watano wamesimama mlangoni wanauliza. Kesho yake simu zinaanza. Tangu tuonyeshe dokumentari ya historia ya uhuru wa dini, maswali yameongezeka maradufu na mengi yanafanana. Nimeyakusanya hapa, na majibu ni yale yale ninayoyatoa kwa mdomo.

Nimetumiwa kipande cha dakika mbili kwenye WhatsApp. Filamu nzima naipata wapi?

Hili ndilo swali mama, na jibu langu halibadiliki: usiitafute filamu, mtafute mwenye filamu. Dokumentari ina kampuni iliyoitengeneza, ina kituo cha televisheni au mfuko ulioigharimia, na mara nyingi ina msambazaji aliyenunua haki ya kuiuza. Hao ndio wanaoamua ionekane wapi, lini na kwa bei gani. Ukishamjua mwenyewe, kazi iliyobaki ni ndogo.

Kwa hiyo rudi kwenye kile kipande. Kiangalie polepole, simamisha kila penye maandishi. Pembeni juu pana nembo ya kituo? Anayezungumza ameandikwa jina na chuo anachofundisha? Piga picha ya skrini. Kijana mmoja wa Nianjema aliniletea kipande kilichokatwa mwanzo na mwisho, hakina jina la filamu wala la aliyeitengeneza. Tulikisimamisha pale alipotokea profesa mmoja, jina lake na chuo chake vikaonekana chini kwa sekunde tatu hivi. Tukaliandika jina lile kwenye Google, tukaongeza neno dokumentari kwa Kiingereza na mji uliotajwa kwenye kipande. Hazikupita dakika kumi tukawa kwenye ukurasa wa kampuni iliyoitengeneza, na filamu nzima ilikuwa pale pale, bure. Kijana alikuwa ameitafuta wiki mbili.

Ukiandika tu "filamu ya uhuru wa dini" utaletewa mahubiri, mihadhara na matangazo ya semina. Andika jina kamili la filamu ndani ya alama za kunukuu, ongeza mwaka, ongeza jina la mwongozaji. Kama jina hulijui, andika tukio lenyewe na mwaka lilipotokea. Ujue pia kwamba filamu moja inaweza kuwa na majina mawili matatu kulingana na nchi ilikorushwa, na kwamba filamu ya dakika 90 hupunguzwa mara nyingi hadi dakika 52 ili itoshe ndani ya saa moja ya televisheni pamoja na matangazo. Usiikatae kwa sababu ya urefu tu.

Ipo pia tovuti ya JustWatch, ambayo kazi yake ni kukuonyesha filamu fulani iko kwenye huduma ipi. Chagua nchi kwanza, la sivyo utasoma majibu ya watu wengine. Kwa filamu kubwa inasaidia. Kwa dokumentari ndogo za vituo vya umma, rudi kwa mwenyewe.

Hiyo dokumentari ya uhuru wa dini ni ipi hasa? Mbona kila mtu anataja nyingine?

Kwa sababu si moja. Historia ya uhuru wa dini ni ndefu, na kila mtengenezaji hukata kipande chake. Wanaoniuliza, nikiwadodosa kidogo, huwa wanatafuta kimojawapo kati ya vipande hivi.

Wengi huwa wameona kitu kuhusu Ufaransa. Mwaka 1598 mfalme Henri IV alitoa Amri ya Nantes, iliyowaruhusu Waprotestanti wa nchi ile kuabudu kwa masharti na mahali palipotajwa. Mwaka 1685 mjukuu wake, Louis XIV, aliifuta, na watu wanaokadiriwa kufika laki mbili wakaikimbia nchi yao. Baadhi yao walishuka Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, kuanzia 1688. Ukiwa unatafuta hii, andika Nantes au andika Huguenots, ndilo jina walilokuwa wakiitwa Waprotestanti hao.

Wengine wanatafuta ya Marekani. Hapo kuna Roger Williams, mchungaji aliyehukumiwa kufukuzwa Massachusetts mwaka 1635 na kuanzisha mji wa Providence mwaka uliofuata, mahali ambapo serikali haikupewa mamlaka juu ya dhamiri ya mtu. Kuna Mary Dyer, aliyenyongwa Boston mwaka 1660 kwa sababu alikuwa Mquaker, mfuasi wa dhehebu moja la Kikristo, na alikataa kukaa mbali na mji uliomfukuza. Kuna sheria ya jimbo la Virginia ya 1786, aliyoiandika Thomas Jefferson na kupiganiwa bungeni na James Madison, na kuna marekebisho ya kwanza ya katiba yao, 1791. Filamu zinazogusa watu hawa ni nyingi, ndiyo maana watu wawili wanaweza kubishana mezani kumbe kila mmoja ameona yake.

Ya tatu ni ya jirani zetu wa Uganda, na hiyo nitairudia chini, kwa sababu mlango wake ulikuwa hapa hapa Bagamoyo.

Naweza kuiona bure bila kuiba?

Unaweza, na ziko nyingi kuliko watu wanavyodhani. Anza na chaneli rasmi za vituo vyenyewe kwenye YouTube. Deutsche Welle, wale ambao wazee wetu wanawajua kwa matangazo ya Kiswahili ya redio tangu 1963, wana chaneli nzima ya dokumentari. Al Jazeera nao huweka nyingi, nzima nzima. Utajuaje chaneli ni rasmi? Nenda kwenye tovuti ya kituo, ubonyeze nembo ya YouTube iliyoko pale. Usianzie kwenye kutafuta, maana wanaonakili ni wengi na nembo wanaiba.

Ya pili ni Internet Archive, maktaba kubwa ya intaneti inayohifadhi filamu za zamani ambazo haki zake zimekwisha au zimeachiwa na wenyewe. Soma sehemu ya haki chini ya kila filamu, kwa sababu watu wa kawaida nao wanaruhusiwa kupandisha vitu.

Ya tatu huwa haifikiriwi. Kazi zinazotengenezwa na wafanyakazi wa serikali kuu ya Marekani hazina hakimiliki nchini kwao. Idara yao ya hifadhi za taifa ndiyo inayotunza ukumbusho wa Roger Williams pale Providence, na idara hiyo huweka video za maeneo yake kwenye tovuti yake. Ni fupi, hazina mapambo, lakini kwa mwalimu anayetaka dakika kumi za kuanzishia somo, zinafaa mno.

Nikifungua linki inaniambia video haipatikani nchini kwangu. Nimekosea nini?

Hujakosea kitu. Haki za filamu huuzwa nchi kwa nchi. Kituo kikinunua haki ya kuonyesha nchini kwake tu, kinalazimika kufunga mlango kwa wengine. Ndiyo maana filamu nyingi za PBS, televisheni ya umma ya Marekani, hazifunguki hapa, na BBC iPlayer imewekwa kwa ajili ya walioko Uingereza.

Watu huniuliza kuhusu VPN, programu inayoficha uko nchi gani. Mimi siitumii kwa kazi hii wala simshauri mtu. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, iliwataka wanaotumia VPN watoe taarifa zao, na zaidi ya hapo, kupita dirishani kwa mtu aliyefunga mlango si namna ya kujifunza habari za haki za wengine. Mwandikie mwenye filamu, mwambie uko Tanzania, uliza kama kuna njia ya kuiona. Nimeandika hivyo mara nyingi. Si wote hujibu, lakini waliojibu walinipa linki ya kutazamia au waliniambia itafunguliwa lini.

Bando langu litatosha?

Inategemea ubora wa picha. Kwa hesabu za Netflix wenyewe, ubora wa chini hula kama GB 0.3 kwa saa, wa kati GB 0.7, na ule wa juu unaweza kufika GB 3. Kwenye simu ubora wa kati unatosha kabisa. Kama filamu inaruhusiwa kupakuliwa ndani ya programu, ipakue usiku, bando za usiku ni nafuu.

Na kwenye king'amuzi?

Chaneli za dokumentari zipo kwenye vifurushi vya juu zaidi, lakini ratiba hubadilika na filamu ya historia ya dini hupita mara moja kwa msimu. Vizia Pasaka, Krismasi na Ramadhani. Anayeweza kuvuka bahari asiikose ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar linalofanyika Unguja tangu 1998. Dokumentari huwa ni sehemu yake, na mara nyingine waliozitengeneza huwa wamekaa pale pale ukumbini.

Stendi kuna mtu ananijazia filamu kwenye fleshi kwa bei ndogo. Kuna ubaya?

Upo, na nitasimulia yaliyonipata. Mwaka wetu wa pili wa kuonyesha filamu, tulinunua dokumentari kwa njia hiyo. Sikuiangalia yote kabla. Nilitazama mwanzo tu, picha ikawa safi, nikaridhika. Usiku ule uani walikaa watu wapatao arobaini, wakiwemo wazee wanne niliowafuata mwenyewe majumbani kwao. Dakika ya 31, mtu anasomewa hukumu yake mahakamani, filamu ikakatika. Baada ya pale faili lile lilikuwa na giza tupu. Mzee mmoja alikaa pale pale akisubiri kwa robo saa, anataka kujua yule mtu walimfanya nini. Sikuwa na cha kumjibu. Nilimweleza kwa mdomo wiki mbili baadaye, nilipoipata kwa njia yake.

Ubaya wa pili ni wa sheria. Tuna sheria ya hakimiliki tangu 1999 na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndiyo inayoisimamia. Filamu iliyonakiliwa, hata kama mada yake ni njema kiasi gani, ni mali ya mtu iliyochukuliwa bila ridhaa yake.

Kuna maktaba yenye filamu hizi?

Kwa filamu zenyewe, maktaba zetu zina vitabu zaidi kuliko video. Lakini usizidharau. Ukienda Dar, gari la Makumbusho tu, maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyofunguliwa 2018 ni kubwa mno, na Maktaba Kuu ya Taifa imekuwepo tangu 1967. Uliza utaratibu wa mgeni kabla hujasafiri. Goethe-Institut na Alliance Française za Dar nazo huonyesha filamu, na historia ya Ujerumani na Ufaransa haisimuliki bila vita vya dini.

Kiingereza hakinipandi. Ipo ya Kiswahili?

Iliyotengenezwa kwa Kiswahili tangu mwanzo ni adimu. Kinachowezekana ni tafsiri, na tafsiri ni za namna mbili.

Ya kwanza ni ya mashine. Kwenye YouTube, washa maandishi ya chini, ingia kwenye mipangilio, chagua tafsiri ya kiotomatiki, halafu Kiswahili. Inasaidia kufuata mkondo wa habari, ila usiitegemee kwa maneno mazito. Waquaker hujiita Marafiki. Tulipoonyesha habari zao kwa maandishi ya mashine, skrini ikaandika kwamba marafiki walichapwa viboko na marafiki wakafukuzwa mjini. Bibi mmoja aliyekaa mbele aligeuka akaniuliza, "Mwanangu, hao ni marafiki wa nani?" Ile sheria ya bunge la Uingereza ya 1689 iliyowaruhusu baadhi ya Waprotestanti kuwa na ibada zao, kwa Kiingereza Act of Toleration, mashine iliiita "Kitendo cha Uvumilivu". Nusu ya watu walidhani kuna mtu kafanya jambo la subira.

Ya pili ni ya mtu, na hii ndiyo ninayoipenda. Waliokulia kwenye vibanda umiza wanajua: mtafsiri anakaa na kipaza sauti, sauti ya filamu inapunguzwa, naye anasimulia. Sisi tunafanya vivyo hivyo, kwa utulivu zaidi. Mtafsiri wetu huiangalia filamu mara tatu kabla, huandika majina na miaka kwenye daftari, na tunakubaliana maneno.

Neno lililotusumbua kuliko yote ni lile la uvumilivu. Kwenye filamu za Ulaya linarudi kila baada ya dakika tano: mfalme huyu aliwavumilia, bunge lile likavumilia. Mtafsiri wetu alianza kwa kulitafsiri lote kuwa "uhuru wa dini", na filamu ikawa haieleweki. Watu waliuliza: kama Wafaransa walipewa uhuru 1598, imekuwaje 1685 wanakimbia? Nikasimamisha filamu. Tukaeleza kwamba Amri ya Nantes ilikuwa ruhusa ya mfalme. Babu aliitoa, mjukuu akaichukua. Ndipo fundi seremala mmoja, mtu asiyesema sana, akasema, "Kumbe ni kama kupanga. Mwenye nyumba anaweza kuwa mtu mwema miaka yote, lakini nyumba si yako."

Tangu siku ile tunatumia maneno mawili. Pale mtawala anapotoa na anaweza kunyang'anya, tunasema "ruhusa". Pale inapokuwa ya mtu kwa kuwa yeye ni mtu, tunasema "haki". Na tunawaonyesha watu Katiba yetu ya 1977, Ibara ya 19, inayozungumzia uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi wa dini, pamoja na uhuru wa kubadilisha dini. Haki hizo ziliingizwa kwenye Katiba kwa marekebisho ya 1984. Wengi hawajawahi kuisoma. Ukiisoma baada ya filamu ya Nantes, unaisoma kwa macho mengine.

Tunataka kuionyesha mtaani kwetu au shuleni. Tunahitaji ruhusa?

Ndiyo, na ni za pande mbili. Kuona filamu nyumbani ni jambo moja, kuionyesha hadharani ni jingine hata kama hakuna kiingilio.

Upande wa kwanza ni mwenye filamu. Mwandikie kwa maneno machache. Sisi huandika hivi, kisha tunamwomba mwalimu atutilie kwenye Kiingereza: "Sisi ni kikundi cha watazamaji wa filamu Bagamoyo, Tanzania. Tunaomba kibali cha kuonyesha filamu yenu mara moja, tarehe fulani, kwa watu wasiozidi 60, bila kiingilio. Tutasimulia kwa Kiswahili huku filamu ikiendelea. Tafadhali tuambieni masharti na gharama." Taja idadi ya watu na neno bila kiingilio, kwa sababu bei yao inategemea hayo. Ile habari ya kusimulia kwa Kiswahili itaje pia. Wapo watengenezaji walioifurahia hadi wakatutumia maandishi yote ya filamu, na kazi ya mtafsiri ikawa nyepesi.

Upande wa pili ni nchi yetu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inataka filamu inayoonyeshwa kwa umma ipitiwe, na Bodi ya Filamu ndiyo yenye kazi hiyo. Mlango wa karibu ni Afisa Utamaduni wa halmashauri yenu. Nenda mapema, uende na jina la filamu, urefu wake na barua ya mwenye filamu. Mjulishe pia mwenyekiti wa kitongoji, ili majirani wasishangae mwanga na sauti usiku.

Mkiwakalisha Waislamu na Wakristo pamoja mbele ya filamu ya dini, hakutatokea ugomvi?

Kwetu hapa watu wanazikana na wanaalikana kwenye harusi. Kukaa jamvi moja si jambo geni. Lakini kukaa pamoja kunahitaji adabu ya kupanga. Tunaanza baada ya Isha, hatuonyeshi Alhamisi usiku wala Ijumaa, na Kwaresima na Ramadhani tunauliza kwanza. Anayetaka kuzungumza baada ya filamu anazungumzia alichokiona kwenye skrini, hamhukumu jirani yake.

Ugumu tulioupata ulikuwa wa aina nyingine, na ulitufundisha. Tulionyesha habari za mashahidi wa Uganda. Wamisionari wa kwanza wa White Fathers, shirika la Kikatoliki, waliokwenda Buganda, ufalme ulioko Uganda ya leo, walianza safari yao ya bara kutoka hapa Bagamoyo mwaka 1878, wakafika mwanzoni mwa 1879. Kati ya 1885 na 1887 Kabaka (mfalme) Mwanga aliwaua vijana Wakristo, na wanaokumbukwa kwa majina ni 45: Wakatoliki 22, waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964, na Waanglikana 23. Filamu ilisimulia hayo kwa heshima kubwa, na watu walilia.

Ilipokwisha, mzee mmoja aliuliza kwa upole: "Na wale Waislamu?" Alikuwa na haki. Karibu mwaka 1876, chini ya Kabaka Mutesa, baba yake Mwanga, Waislamu nao waliuawa kwa kushikilia dini yao, na idadi inayotajwa sana ni 70. Miaka kumi hivi kabla ya wale wengine, kwa kosa lile lile la kumtii Mungu kuliko Kabaka. Filamu yetu haikuwataja hata kwa sentensi moja. Tulikaa hadi saa nne na nusu tukizungumza, Mkristo na Mwislamu, kuhusu watu wasiotajwa. Sasa kila filamu tunayoipata naiangalia kwanza nikiwa na swali la mzee yule.

Nitajuaje kuwa inayosemwa ni kweli?

Angalia nani anasema. Filamu nzuri inakuonyesha wanahistoria kwa majina na inakuonyesha hati yenyewe, karatasi na muhuri. Angalia nani amegharimia. Taasisi ya dini inaweza kutengeneza filamu ya kweli, lakini itakuwa na upande inaoupenda. Na sehemu za maigizo, zile za waigizaji wenye majoho na farasi, zichukulie kama maelezo tu.

Mtego mmoja hujirudia sana. Utasikia kwamba mwaka 313, kwa kile kinachoitwa Amri ya Milano, Kaisari Konstantino aliufanya Ukristo kuwa dini ya dola la Roma. Sivyo. Makubaliano ya 313 kati yake na Licinius, mtawala mwenzake wa Roma, yaliwapa Wakristo na watu wote wengine ruhusa ya kufuata dini waitakayo. Ukristo ulifanywa dini ya dola mwaka 380, chini ya Theodosius. Filamu inayochanganya miaka hiyo miwili inafuta tofauti ile ile ambayo ndiyo mada yake.

Watoto waje?

Kuanzia miaka kumi na miwili, na mzazi akiwepo. Historia hii ina watu waliochomwa moto na walionyongwa.

Kwa nini tunahangaika na historia za Ulaya na Marekani? Bagamoyo haina yake?

Inayo, tena nzito. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipokuja kuanzisha misheni hapa mwaka 1868, mtawala wa pwani hii alikuwa Sultani Majid wa Zanzibar, Mwislamu, na ni chini ya utawala wake walipopata ardhi. Pale misheni walijenga kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Mnara wa kanisa lao la zamani ungalipo; Februari 1874 mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, ulilazwa pale, baada ya watumishi wake Susi na Chuma na wenzao kuubeba kutoka kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Watalii huambiwa hayo. Swali ambalo huwa haliulizwi ni la mtoto aliyenunuliwa sokoni akapelekwa misheni: aliondolewa mnyororo, akalishwa, akafundishwa ufundi na kusoma, kisha akabatizwa. Dini ile aliichagua? Naliuliza kwa heshima, nikijua kwamba bila misheni ile wengi wangekufa utumwani.

Na mji huu huu una Sheikh Ramiya. Aliletwa mtoto, mtumwa, kutoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Alikulia hapa, akasoma, akawa kiongozi wa twarika ya Qadiriyya, njia mojawapo ya Kisufi katika Uislamu, anayeheshimiwa pwani yote hadi alipofariki 1931. Waungwana wa mji, watu ambao baba zao wangeweza kumnunua, walikaa chini wakamsikiliza. Ukitoka misheni ukatembea kurudi Mji Mkongwe, umepita kati ya hadithi hizi mbili kwa miguu, na jasho halijakukauka.

Sijawahi kukaa mbele ya dokumentari inayozisimulia zote mbili pamoja, kwa Kiswahili, kwa sauti za watu wa hapa. Kwa hiyo tumeanza kukusanya. Tuna kinasa sauti kimoja na kamera ya kuazima. Mwenye mzee nyumbani anayekumbuka alichosimuliwa na babu yake kuhusu kijiji cha misheni au kuhusu ziara za Sheikh Ramiya, atuambie, tutamfuata sisi. Mwenye picha za zamani asizitoe kwenye albamu. Aje nazo zilivyo, tutazipiga picha mbele yake na aondoke nazo. Tunakuwepo uani kila Jumanne na Jumamosi baada ya Alasiri.